Bati Jipya la Mapinga

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Wewe unayesomea urubani umeuliza kwa nini sisimulii miaka yangu ya kurusha ndege.

Siku moja tulikuwa tunashuka kutua Dar. Mimi, rubani msaidizi, kazi yangu ilikuwa kumtajia kapteni futi zilizobaki. Badala yake nikamwonyesha bati jipya la nyumba yetu hii ya Mapinga, naye akainama kutazama. King'ora kikalia: tuko chini mno! Kapteni akaipandisha ndege, tukazunguka, tukatua salama.

Mlangoni mama mmoja mtu mzima akanishika mkono. "Mungu akulipe, mwanangu, umetufikisha."

Nikaitikia amina, Rehema. Tena kwa sauti.

Babu yako