Kitone Chekundu cha Darubini

Mama, shikamoo.

Jana magharibi, hapa Bujora, nilisimamisha ile darubini yangu ya mtumba nimwonyeshe Bibi nyota ya jioni. Unalenga kwa kioo kidogo chenye kitone chekundu kinachowaka. Kikikaa juu ya nyota, umeipata. Nikamwita achungulie. Akarudi nyuma.

"Zima, mjukuu wangu. Wakiona chekundu kingine usoni pangu, hawatauliza ni chombo gani."

Macho yamemwiva mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia. Jirani yake alikuwa na macho hayohayo; wakamwita mchawi, wakamkata mapanga. Sasa watu wanamwamkia Bibi huku wanamkagua macho.

Tandika kitanda changu, Mama. Nakuja naye, hata kwa kumbeba. Tuombee tufike.

Mwanao,
Kabula