Bunduki Uliyomtundikia Baba

Montana, Novemba

Kwa kaka yangu Wendell,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe, wifi Janelle na watoto hamjambo. Huku tunamshukuru Mungu, theluji imeshaanza na ng'ombe tumewateremsha kutoka malishoni.

Kaka, nimekukasirikia, na sitazungukazunguka. Ulipokuja kuwinda ulikuta nimeshapeleka bunduki zote za Baba kwa Duane, yule mwenye duka la silaha mjini, azifungie kabatini mpaka Baba apate nafuu. Ulinicheka mbele ya wawindaji wenzako. Ukaniita afande. Ukasema tangu Mama afariki Baba ana huzuni tu kama mfiwa yeyote, na kumnyang'anya mwanamume wa huku bunduki ni sawa na kumvua suruali hadharani.

Nilikueleza aliyotufundisha Duane kwenye ukumbi wa wawindaji, kwamba wazo la kujiua mara nyingi humjia mtu kwa nguvu kisha likapungua, na akikosa silaha karibu wakati ule hupata nafasi ya kuishi. Ukaniuliza kama Duane siku hizi anauza bunduki au mahubiri. Watu wakaangua kicheko.

Halafu ukangoja nitoke kulisha ng'ombe. Ukatoa garini bunduki ya babu uliyorithi, ukaitundika juu ya mlango wa jikoni ilipokuwa enzi za utoto wetu, na risasi ukaziweka kwenye droo ya vijiko. Ukamwambia Baba umemrudishia heshima yake. Heshima gani, Wendell? Una akili kweli wewe?

Juzi asubuhi nilikuta gari la Baba limesimama mlangoni kwangu, injini inanguruma, naye hashuki. Bunduki ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, ameizungushia shuka la Mama. Akaniambia niichukue upesi kabla hajabadili nia. Mlango wa gari alishindwa kuufungua, nikamfungulia mimi. Nilimpeleka hospitali, na njiani akanisimulia yote uliyoyafanya nilipokuwa kwa ng'ombe. Sasa anatibiwa, anakaa kwangu, anakunywa supu kidogo kidogo na kulalamika kwamba haina chumvi.

Na sasa nikwambie jambo usilolijua. Wazo la kuzipeleka bunduki kwa Duane halikuwa langu. Lilikuwa la Baba. Alinisihi mwenyewe, akaniapisha nisikwambie, kwa sababu, alisema, angeweza kuvumilia yote isipokuwa kuchekwa na mwanawe. Ndiyo maana ulipoitundika ile bunduki hakukukatalia. Alikushukuru, unakumbuka? Nawe ukampiga bega, ukaondoka umefurahi.

Kiapo nimekivunja, na sijutii. Bunduki ya babu iko kwa Duane, imefungiwa pamoja na zile nyingine, na usithubutu kwenda kuidai. Njoo umwone Baba. Njoo mikono mitupu, ukae naye, na ukisikia mzaha unakupanda kooni, umeze.

Wasalimie wifi na watoto, nawapenda sana. Nawe pia nakupenda, ingawa leo kwa taabu.

Dada yako,
Marlys