Dirisha la Jikoni

Wambui, dadangu,

Laiti ningeweza kukutumia baridi ya hapa Yamumbi huko Mombasa kwenye joto lako. Nyumba ya mawe ya wazazi wetu inaanza kusimama tena. Dukani sinunui kitu ila chumvi na simiti. Viazi, mboga za managu na maziwa ni vya hapa hapa shambani.

Wiki jana nilipandisha dirisha la jikoni. Lilikuwa chini sana, karibu na magoti, nikasema Baba alikosea vipimo. Nikalijenga upya usawa wa kifua, nikajisifu.

Jana jirani yetu, Mama Kiprono, aliniletea mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Akaliangalia dirisha, kisha akauliza, "Sasa mama yenu angeona geti aje?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba miguu ya Mama ilipokataa kutembea, Baba alilishusha dirisha hilo yeye mwenyewe, ili Mama akikaa kwa kistuli chake akimenya viazi, aone kama kuna mtoto wake anaingia. Aliangalia geti miaka mitatu. Mimi na wewe tulikuwa tunapiga simu. Tulipokuja, tulikuja kumzika, na hatukuuliza dirisha liko chini kwa nini.

Leo asubuhi nimebomoa kazi yangu yote. Kabla ya kurudisha mawe nimekaa kwa kile kistuli. Geti linaonekana lote, mpaka barabarani.

Njoo, Wambui. Nitakuona ukiwa bado mbali.

Kakako,
Kamau