Akina Anthelme wa Kambove

Kambove, 11 Machi 1973

Mwanangu mpendwa Anthelme,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako Régine. Sisi tu wazima, isipokuwa miguu yangu inavimba kila jioni na mganga amenikataza chumvi. Majani ya sombe bila chumvi ni adhabu, lakini ninakula. Na ninyi je? Honorine anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie mke wako asinyanyue ndoo, hata akijiona ana nguvu.

Nimeandika jina lako kama nilivyozoea. Najua tangu serikali ilipokataza majina ya Kizungu mwaka jana unaitwa Mukuka, na Mukuka ni jina la marehemu baba yako, sina ugomvi nalo. Ila hapa mtaani mimi ni Mama Anthelme tangu siku uliyozaliwa, na hakuna ofisi iliyokuja kuniambia sasa niitwe mama nani.

Nina ombi. Honorine akizaa mvulana, mpeni jina la mzee Anthelme.

Wewe jina lile ulilichukia tangu utoto, hukuuliza hata siku moja lilitoka wapi. Basi nikuambie. Mzee alikuwa fundi wa pampu mgodini. Mke wake wa ujana alifia njiani pamoja na mtoto tumboni, wakiwa wanambeba kwenye machela kwenda kuzalia maternité. Baada ya matanga hakuoa tena. Alinunua baiskeli, akaichomelea kiti cha chuma nyuma, akapita mashambani kote akiwaambia wanawake: tumbo likianza kuuma, nitumie mtu. Mimi alinichukua mvua ikinyesha, baba yako yuko kazini chini ya ardhi. Penye mawe alishuka akasukuma, na njia nzima alinisimulia habari za kuku wake ili nisahau uchungu. Nilimtukana, alicheka tu. Hakupokea chochote kwa mtu yeyote. Ndipo ikawa desturi yetu: ukipanda baiskeli ile ukajifungua mvulana, anaitwa Anthelme.

Na lilikuwa jina geni kweli. Siku ya ubatizo wa mzee padri alifungua kalenda, akasoma mtakatifu wa siku ile, basi. Padri mwingine aliyetoka Ubelgiji alituapia kwamba kwao hajakutana na Anthelme hata mmoja. Hapa kwetu tulikuwa nao wa kujaza timu ya mpira. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni aliyeita jina lako, ikasimama benchi nzima? Alidhani mnamchezea, akawachapa wote.

Leo wote mmekuwa Mukuka, Mutale, Kasonde. Mzee amekonda, anakohoa. Juzi nilimpelekea uji, akaniuliza: “Mama Anthelme, ba Anthelme banabakia wangapi?” Nikajifanya nakoroga uji. Hana mtoto, mwanangu. Kwetu mtu akiondoka na jina lake halijashikwa na mtoto, ni kama hakupita duniani. Sitaki limpate yeye.

Nakukumbatia.
Mama yako

—

Lubumbashi, 2 Aprili 1973

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Honorine anakusalimu. Sisi tunaendelea vizuri. Tumbo limekuwa kubwa, ndoo ninabeba mimi, na majirani wanaume wananicheka. Pole kwa miguu. Usimdanganye mganga kuhusu chumvi, ninakujua.

Kwanza, Mama, nakuomba: kwenye bahasha andika Mukuka tu. Barua za walimu zinapitia mezani kwa mkuu wetu wa shule, naye ni mtu wa chama. Ile yako aliishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama huyo raia Anthelme bado anafundisha hapa. Nilicheka, yeye hakucheka.

Ombi lako silipuuzi. Kuhusu baiskeli nilisikia vipande vipande tu, na barua yako nimeisoma mara nyingi. Lakini jina la namna hiyo haliandikwi tena ofisini. Nilimwendea padri wa parokia nijue kama angeweza kubatiza kimya kimya. Kwanza alitazama mlango, kisha akaniambia wako wenzake wanaotishiwa gereza. Sikumlazimisha.

Tena yuko baba mkwe. Mzee Musonda ana nyumba yake kule Golf kwa matajiri, na lopango tunamoishi, kiwanja na nyumba, ni lake pia. Anataka mjukuu wa kwanza aitwe Musonda. Hajasema tutahama tusipokubali, lakini kila akija anatazama paa na kusema atalibadilisha karibuni.

Nimefikiri hivi. Kwenye kadi ya mzee Anthelme wameacha jina la baba yake, Nkandu. Hilo ofisi inalipokea. Tukimwita mtoto Nkandu, si itakuwa sawasawa?

Mwanao,
Mukuka

—

Kambove, 15 Aprili 1973

Mwanangu,

Sisi tu wazima. Natumaini nanyi ni wazima.

Nkandu ni baba yake. Yule ana wajukuu wanaobeba jina lake mpaka Kipushi. Mtoto akiitwa Nkandu tumemheshimu baba, na mzee wetu tumemwacha nje ya mlango.

Mimi sikusoma kama wewe. Fanyeni mnavyoona. Musonda ni jina zuri.

Mama yako

—

Lubumbashi, 20 Julai 1973

Mama mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Miguu je? Baridi ya huko je? Tangu Aprili sijapata neno lako. Nilikuandikia Mei, nikakuandikia mtoto alipozaliwa, na Régine peke yake ndiye aliyejibu kwamba umezisikia habari na umefurahi. Mama, ukifurahi huwa husemi kupitia kwa Régine.

Mjukuu wako ni mvulana mzima, ana paji la uso la baba. Na mpaka leo hana jina. Tunamwita Mgeni. Karani wa ofisi ya uraia amenionya kwamba muda unapita. Mzee Musonda ameleta kitenge kizuri, amekaa, ameondoka, amerudi. Mimi mwenyewe nimeshindwa kulitamka jina lake juu ya mtoto. Nikifungua kinywa naona kile kiti cha chuma.

Jana Honorine akimwogesha mtoto aliniuliza jambo. Yeye ni mtu wa hapa mjini, Kambove hajafika, labda ndiyo maana aliweza kuuliza. Alisema: “Lakini ule muzee, mbele ya kubatizwa na padri, kwabo balikuwa banamuita nani?”

Nilimpa taulo, nikaenda kutafuta kalamu. Nimetembea na jina la mzee yule maisha yangu yote, amenifundisha kuziba pancha, nimekula kuku wake, na sijui. Wewe unalijua?

Mwanao,
Mukuka

—

Kambove, 29 Julai 1973

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Honorine, na kwa Mgeni wetu. Miguu ni ile ile. Nilikaa kimya kwa sababu nilikasirika, na hasira imekwisha. Mwambie mke wako ana akili kutushinda sote.

Sikulijua. Wala jirani yetu Virginie, aliyepanda baiskeli ile kwa watoto wake wote. Kambini kwetu mgodini tuliulizana jina la ubatizo tu, jina la nyumbani kila mtu aliliacha nyumbani. Tulijiona tunampa mzee heshima kubwa kwa kuwapa watoto jina lile la kalenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumuuliza lake mwenyewe.

Basi niliegemea bega la Régine, tukaenda kwa mzee. Tulimkuta ameketi juani na blanketi mabegani. Nilimuuliza moja kwa moja, maana sijui kuzunguka. Alitega sikio, akaniomba nirudie swali. Kisha akasema: “Mwape. Nkambo wangu mwanamuke, mama ya baba yangu, njo alinipa. Tangu alikufa, hakuna muntu aliniita tena vile.”

Akataka kujua ninaulizia nini. Nikamwambia yuko mtoto Lubumbashi anayelingoja jina hilo. Alivuta blanketi mpaka usoni, mimi nikajifanya nafukuza kuku. Nililia, mwanangu. Nililia kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja.

Mwape ni jina la watu wetu tangu zamani, ofisi haina la kusema. Mzee Musonda mwambieni mvulana wa pili ni wake, na Honorine ndiye amwambie, si wewe.

Sasa mzee anataka kumwona majina yake, mtoto aliyelichukua jina. Nimemkataza kwa ajili ya kifua, Régine amemkataza, hasikii. Ameuza kuku wote isipokuwa jogoo mmoja wa kuwaletea. Anapanda treni ya Ijumaa. Mkampokee, na msimruhusu kulala penye upepo.

Mama yako

—

Lubumbashi, 21 Oktoba 1973

Mama mpendwa,

Pole, Mama. Najua habari ya msiba wa mzee ilikufikia kupitia kwa watu wa reli, na miguu ndiyo iliyokuzuia kuja. Hapa tumemaliza matanga salama. Waliokuja ni wengi. Wale vijana wetu wa zamani walitoka Likasi, walitoka Kipushi, kila mmoja na jina lake jipya, na wakati wa kubeba jeneza tuliyasahau yote tukaanza kuitana Anthelme, shika huku, Anthelme, inua. Mzee Musonda alileta mbao za jeneza kwa gari lake mwenyewe. Alikuwa amenuna mwezi mzima kwa ajili ya jina, kisha akazoea kuja kucheza karata na mzee, na nadhani amelia kuliko mimi.

Ninataka ujue alivyoishi kwetu. Siku ile kituoni alishuka na koti lake na yule jogoo. Honorine alimwekea mtoto mikononi pale pale. Mzee alimtazama sana, akamnong’onezea jina, akalirudia, mpaka watu wa nyuma wakatuomba tupishe njia.

Tulimpa chumba cha upande wa jua. Alipata nguvu, Mama. Alikula bukari, alikohoa kidogo tu, akaanza hata kutafuta baiskeli za watu za kutengeneza.

Unajua desturi yetu: mtoto mwenye jina la mkubwa huongeleshwa kama mkubwa. Honorine aliishika vizuri kuliko mimi. Asubuhi ya kwanza alimwambia mtoto: “Ba Mwape, muamuke, muoge.” Na kutoka chumba cha pili mzee akaitikia, “Mukwai,” kwa adabu yote ya kwao. Honorine aliona haya, akaenda kumwomba radhi kwamba alikuwa anamwita mtoto. Mzee akamwambia: “Najua, mama. Muite tu. Na miye niitike.”

Ikawa hivyo kila siku. Mtoto akiitwa kunyonya, mzee anaitikia. Mtoto akigombezwa kwa kulia, mzee anaitikia na kuomba msamaha. Tulicheka sana katika nyumba hii. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni, bado sijafungua geti, namsikia Honorine akiita na mzee akijibu, na nafsi yangu inatulia.

Jumanne ya wiki iliyopita Honorine aliweka maji ya kuoga, akamwita mtoto kama kawaida. Chumba cha pili kilikuwa kimya. Aliita tena, kwa sauti zaidi, na mara hii hakuwa anamwita mtoto.

Mwanao,
Mukuka