Jiko la Mama Mdogo

Lailah, uko? Nimejifungia chooni hapa ofisini Kyambogo. Usinipigie, soma tu.

Nimetoka kuwasilisha ule utafiti wangu wa kipato cha kaya za kijijini. Nikaonyesha mchoro: ndani ya miaka kumi, kipato cha kaya ya katikati kimeshuka kutoka laki tatu kwa mwezi hadi laki mbili. Nikasema wanakijiji wamezidi kuwa maskini. Tena kwa sauti, wallahi!

Rosalba akanyoosha mkono. Huyuhuyu Rosalba aliyeingia kazini juzi, na hiyo sauti yake ya kwaya.

"Zamani mwanaume mwenye wake wawili alihesabiwa kaya moja. Safari hii tumehesabu kila jiko. Watu hawajawa maskini, kaya ndizo zimegawanywa."

Kila jiko, Lailah! KILA JIKO! Mzee Ojera, bosi wetu, akavua miwani. Mimi hajawahi kunivulia miwani.

Na mimi ndiye niliyelelewa kwenye majiko mawili! Si unamjua mama mdogo, yule mke wa pili wa baba, na zile sufuria zake ambazo hatukuruhusiwa kugusa? Kwao Rosalba ni mke mmoja, jiko moja. Banange, jamani, nilimwonea wivu!

Mzee akamuuliza, "Hayo umeyajulia wapi?"

Rosalba akanigeukia, akatabasamu. "Kwa Kaltumi. Alinisimulia habari za mama yake mdogo tukila chakula cha mchana."

Wote wakanipigia makofi. Mimi!

Sasa niambie, huyu mtu nitamchukia kwa lipi?