Mama, Nimeuona Ugonjwa Wako kwa Panya

Mama yangu,

Shikamoo. Najua siku hizi huitikii, lakini ulinifunza nisitangulize neno mbele ya mkubwa kabla ya salamu, na sitaanza utovu wa adabu leo. Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, zile ulizonisimamia kwa fimbo mpaka zikanyooka.

Mwaka na nusu umepita tangu tukuzike. Nyumba yetu ya Ngamiani imeezekwa makuti mapya. Nimezaa mtoto wa kike, ana miezi mitano, tumempa jina lako, kwa hiyo hata akinikesheza siwezi kumfokea. Na nimepata kazi. Shika moyo, Mama: natunza panya.

Ndiyo, mimi niliyekuwa nikipanda kitandani kwa kelele panya akipita uvunguni. Kuna mzungu mwanamke, tunamwita Bibi Daktari, alikuja na vizimba vyake melini, akataka mtu wa kuvisafisha na kubadilisha maranda. Kiswahili chake ni cha mashamba ya mkonge, salamu hazijui, ila mkono wake ni mpole. Siku ya kwanza nilimshika panya mkia nimefumba macho. Sasa nawashika huku naimba.

Wako namna mbili, weupe na wa kahawia. Bibi aliniambia kila namna imeozeshwa ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka wote wamekuwa kama mtu mmoja. Nikasema astaghfirullahi, akacheka. Akanieleza kwamba binadamu huwezi kumchunguza hivyo, maana utakufa kabla hujamwona mjukuu wake, lakini panya huwa bibi kabla mwaka haujaisha. Weupe huzeeka salama. Wale wa kahawia, majike wakishazaa mara kadhaa, wengi huota donge kwenye ziwa.

Alinipa mmoja nimpapase. Mama! Lilikuwa donge lako. Ugumu ule ule, kukataa kule kule kusogea chini ya kidole, kama nilivyoligusa siku ile nilipokuogesha nawe huna tena nguvu za kunizuia. Miaka miwili ulilifunga kwa kanga ukatuambia ni mshipa. Matangani wanawake wakasema umerogwa na hasidi, nami nikaitikia. Kumbe ugonjwa ule una jina, saratani, na unakaa hata katika kiumbe kinachoenea kiganjani, na kuna watu wameacha kwao wakaja kuutazama siku baada ya siku. Nilisimama pale nikalia, nikamlowesha panya wa watu. Sijawahi kuuona uwezo wa Mungu karibu namna ile.

Sasa sikiliza kosa langu. Asubuhi moja nilimkuta jike mweupe amekufa, na watoto aliowazaa usiku wapo hai, wekundu, hawana hata manyoya. Kizimba cha jirani jike wa kahawia alikuwa ananyonyesha. Nifanye nini? Kwetu mtoto haachwi na njaa nyumba yenye ziwa. Wewe mwenyewe, siku mama yake Zainabu alipofariki kwa uzazi nyumba ya pili, si ulivuka ua ukamchukua? Ukatunyonyesha pamoja, mimi huku, yeye kule. Kaka Bakari alipokua akataka kumposa Zainabu ukamkata kauli: "Huyo dadako, mmenyonya ziwa moja." Basi niliwatia watoto wale kwa jike wa kahawia. Akawanusa, akawalamba, akawalalia. Nikaandika kwenye kadi ya kizimba, kwa herufi hizi hizi, "Weupe hawa wamenyonya kwa mama mwingine," nikajiona mtu mwema.

Bibi hakuweza kuisoma. Siku manyoya yalipoota ndipo alipoona weupe katikati ya kahawia, akaniita, akaniuliza mwandiko ule unasema nini. Nikamsomea. Akaigeuza kadi mkononi, mimi nikiwa na mimba kubwa nikihesabu kazi imekwisha. Kisha akasema, "Usiwatoe. Tutawaangalia." Akanambia huko ng'ambo wenzake huwahamisha watoto hivyo kwa makusudi, na mimi nimefanya kwa huruma tu.

Miezi ikapita. Nikazaa, nikarudi kazini. Panya wale nao wakakua, wakazaa. Juzijuzi nilimgeuza jike mmoja mweupe nimpapase, mkono ukasimama. Donge. Mwenzake vile vile. Weupe, Mama, ambao ukoo wao haulijui jambo hili! Bibi alisema kuna kitu kidogo mno, hata hadubini yake haikioni, kimepita katika maziwa ya yule mama aliyewanyonyesha. Sisi tumefundishwa kwamba maziwa hupitisha undugu. Sikuwaza kwamba yanaweza kupitisha na kingine.

Nilirudi nyumbani mtoto analia, nikashindwa kumpa ziwa. Siku mbili nilimlisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Matiti yalinijaa mpaka nikaona homa. Mama mkwe akasema, "We mwana, mtoto ana njaa huyo, mpe ziwa!" Mimi nikawaza donge lako: Nimenyonya kwako, naye ananyonya kwangu. Nikaenda kwa Zainabu, maana naye anamnyonyesha mwanawe, nikamwambia yote. Akasema, "Mama alinipa ziwa siku ambayo sikuwa na mtu. Silirudishi." Lakini niliona mkono wake umekwenda kifuani.

Basi jana tulikwenda wote wawili kwa Bibi Daktari, nikamuuliza bila kuzunguka: nimnyonyeshe mwanangu au nisimnyonyeshe? Aliweka kalamu chini. Akasema kitu kile cha panya kwa binadamu kimetafutwa na hakijaonekana, na kwamba panya humwonyesha mahali pa kutafuta, hamwonyeshi alichokwisha kupata. Akasema yapo mengi asiyoyajua, ila analijua hili, kwamba mtoto wa mji huu akikosa ziwa tumbo humuua. Msomi yule mzima, Mama, na vizimba vyake vyote, alinitazama usoni akanambia hajui. Nikamwamini kwa hilo. Kisha akafunga pazia akatupapasa, mimi na Zainabu, na akatufundisha kujipapasa wenyewe. Hatukukutwa na kitu.

Nilikukasirikia sana nikiwa njiani kurudi. Ungesema, Mama! Ungenambia mimi tu. Ukificha maradhi kifo kitakuumbua, na ni wewe uliyekuwa ukiwaambia wenzako. Lakini hasira haikufika nyumbani, iliishia barabarani.

Nilimchukua mtoto, nikakaa mkekani, nikampa ziwa. Alilivamia kama mtu aliyeibiwa.

Kwaheri, Mama, Mungu akulaze pema. Nakuahidi hivi: kila mwezi nitajipapasa, na nikikuta donge, hata liwe punje ya choroko, nitakwenda kwa daktari mchana, kwa njia ya sokoni, na atakayeniuliza nakwenda wapi nitamwambia. Mtoto akikua nitamwambia bibi yake alikufa kwa nini, kwa jina lake. Sasa amesinzia kifuani mwangu. Kila nikijaribu kumtoa, ananibana.

Mwanao,
Mwanahamisi