Anwani Uliyoniomba

Kanazawa, mwezi wa pili

Kwa kaka yangu Morio,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha Desemba kimekuachia. Sisi tuko salama. Theluji imeziba tena mlango wa nyuma, na mama goti linamsumbua, lakini hakubali mtu mwingine azitie figili zake chumvi.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniomba nitazame kwenye kompyuta ya duka kama binti yako Honoka yumo, maana msichana wa umri wake hakosi kuwa kwenye majina ya duka la kimono. Nakujibu kwa mkono kwa sababu sitaki jambo hili lipite kwenye simu.

Kazi yetu unaijua. Msichana akikaribia miaka ishirini tunampelekea kitabu cha picha za kimono za sherehe ya utu uzima, kabla maduka mengine hayajamuwahi. Majina tulikuwa tunanunua kwa wauza majina, na hakuna aliyeuliza wameyatoa wapi. Sasa sheria imebadilika. Mtu ana haki ya kutuuliza tumempataje, na akitaka tumfute, tunamfuta. Bwana Tokunaga, mwenye duka, aliyezoea kutungurumia kutwa nzima, amenywea kabisa. Wateja wamepungua, mwenzangu mmoja ameshaachishwa kazi, na simu ikilia tunatazamana.

Wiki iliyopita niliipokea mimi. Mwanamke mwenye sauti ya chini aliuliza jina la binti yake tumelitoa wapi. Nilimjua kabla hajalitaja. Alikuwa Yasuyo, mkeo wa zamani. Yeye hajui kwamba nafanya kazi hapa. Niliibana sauti nikamsomea maneno tuliyofundishwa.

"Dada, tumehama mara tatu ili mtu mmoja asituone," akasema. "Leo kitabu chenu kimefika mlangoni. Kama nyinyi mmetupata, yeye atashindwa nini?"

Nyuma yake nilimsikia msichana akisema, "Lakini mama, ile ya kijani si nzuri?" Sauti yake imeshakuwa ya mtu mzima, kaka. Nilikwenda kulia chooni.

Nilimwambia Bwana Tokunaga kuna mama anataka binti yake afutwe. Hakuuliza ni nani. Alisema nifute sasa hivi kabla hatujashtakiwa, nami nikafuta. Kwa hiyo usiendelee kupiga simu dukani ukijifanya baba anayetaka kulipia kimono. Hakuna kitu tena.

Ningeishia hapo nisingekuwa nimesema uongo. Lakini nataka ujue yote. Kabla ya kufuta niliisoma ile anwani, na ninayo kichwani, mtaa na namba ya nyumba. Najua walipo. Najua pia taya la Yasuyo lilivyovimba siku ile alipofika kwetu bila viatu, amemshika Honoka mkono. Sitakuambia. Hata ukija ukalia mbele yangu, kama unavyojua kulia, sitakuambia. Nakupenda na nakuogopa, na vyote viwili ni kweli.

Barua hii nimemsomea mama. Alisema niongeze kwamba figili zako atazituma kwa posta, usije kuzichukua.

Kitunze kifua chako. Mama anakusalimu.

Ni mimi,
Chizuru, shangazi yake Honoka